Gari Lililokataa Kushuka Mlima

Inspekta alidhani anataniwa. Mtu mzima, daktari wa meno mstaafu, amempigia simu mkuu wa kituo akitaka mpelelezi, tena mpelelezi wa kweli, kwa sababu ameibiwa kitu kinachoenea kwenye kiganja.

"Nenda wewe," mkuu wa kituo alimwambia. "Yule mzee aliwahi kuning'oa gego nikiwa nacheka. Nina deni naye la heshima. Halafu wewe una subira."

Subira hiyo ndiyo iliyompa jina la Mama Taratibu pale kituoni. Hakuwahi kumfokea mshukiwa hata mmoja, na bado wengi wao walimaliza mazungumzo naye wakiomba maji ya kunywa.

Nyumba ilikuwa juu kabisa mlimani, mahali ambapo lami inaishia. Ukisimama mlangoni mwa gereji, barabara ilianzia miguuni pako na kuteremka moja kwa moja, kona baada ya kona, mpaka mjini kwenye paa jekundu la hospitali. Inspekta aliitazama kidogo, kisha akaingia ndani.

Gereji ile ilikuwa safi kuliko majiko mengi aliyowahi kuyapekua. Spana zilining'inia ukutani kwa kufuatana ukubwa, na kila moja ilichorewa kivuli chake ili ikikosekana pengo lionekane. Sakafu ilipakwa rangi ya kijivu. Katikati lilikaa gari, refu, la buluu iliyokolea, boneti yake peke yake ikiwa na urefu wa kitanda cha mtoto. Injini yake ilikuwa ya silinda kumi na mbili. Askari wengi pale kituoni walikuwa wadogo kwa umri kuliko gari hilo.

"Nilinunua maiti," Daktari alisema. Alikuwa mwembamba, amevaa bwelasuti iliyopigwa pasi. "Enzi zake lilikuwa gari la wenye viwanda. Nililikuta chini ya turubai, panya wamezaa kwenye kiti cha nyuma. Mafundi wote walinicheka. Nikasema sawa, nitalitibu mwenyewe."

"Na ulijifunzia wapi?"

"Vinywani mwa watu. Maisha yangu yote nimefanya kazi mahali penye giza, unyevunyevu na nafasi finyu. Injini ni hivyo hivyo, ila yenyewe haikuumi." Akachukua kutoka mezani kioo kidogo chenye mpini mrefu, kile cha kutazamia magego. "Hiki ndicho kinachonionyesha nyuma ya injini. Fundi wa kawaida angeshusha injini nzima."

"Nini kimeibiwa?"

Uso wa mzee ukabadilika. "Rilei ya pampu ya petroli. Kijisanduku cheusi, ukubwa wa kiberiti. Ndicho kinachoipa pampu umeme. Kisipokuwepo, injini inazunguka tu kama mtu anayepiga miayo." "Jumamosi binti yangu aliruhusiwa hospitalini na mtoto wake. Mjukuu wangu wa kwanza, Inspekta. Mwaka mzima nimeliandaa gari hili kwa safari hiyo moja. Mipira ya kupitishia mafuta ya breki mipya, mafuta mapya, viti nimevipaka nta kwa mkono. Ijumaa, kabla sijaenda kuwaona hospitalini, liliwaka vizuri. Jumamosi nikawasha, likakohoa. Nikasikiliza, pampu haiungurumi. Nikaja nyuma kwenye buti, nikakuta pengo. Mjukuu wangu ameletwa nyumbani na teksi yenye kiti kilichochanika."

Aliyasema hayo kama mtu anayetoa taarifa za msiba. Inspekta hakucheka.

Walifungua buti. Nyuma ya zulia, ubavuni, palikuwa na safu ya vijisanduku vyeusi, vyote mapacha, na katikati ya safu tundu moja tupu. Pale pembeni palikuwa na saa ya zamani ya dashibodi iliyofungwa kwa kitambaa, na vifuniko vya magurudumu vinavyong'aa kama sahani za fedha. Mwizi alivipita vyote. Tena alilirudisha zulia na kulibana vizuri kwenye vishikizo vyake.

"Nani anajua ipi ni ipi?"

"Mimi tu. Hata mafundi wangehitaji mchoro."

Wakati huo mke wa Daktari aliingia na sinia la chai. Alikuwa mama mnene, mpole, kikapu cha kufumia kikiwa begani.

"Chai, Babu," alimwambia mumewe, na wote wawili wakatabasamu kidogo, kwani jina hilo lilikuwa bado jipya vinywani mwao.

"Weka hapo, Bibi."

"Mama, samahani," Inspekta alisema. "Nishikie tochi hii, nataka kutazama vizuri humu butini."

Mama akaweka sinia chini, akaipokea tochi. Inspekta alikuwa bado anainama na hajasema anataka kuona nini, lakini mwanga ulikwisha kutua, thabiti, juu ya lile tundu tupu. Na mkono wa Inspekta ulipoisogelea pembe ya zulia, mwanga ulimtangulia.

"Asante, Mama," alisema. "Inatosha."

Alikunywa chai yake mpaka tone la mwisho, akamsifu aliyeipika, kisha akamuuliza Daktari ni nani angependa gari hilo lisitembee.

"Jirani!" mzee alijibu papo hapo. "Mwalimu wa muziki. Aliniambia uso kwa uso kwamba analiombea gari langu kifo chema."

Mwalimu wa muziki alikuwa ng'ambo ya ukuta, mrefu, amefunga skafu shingoni japo jua lilikuwa kali. Hakukana neno.

"Nalichukia," alisema. "Linanguruma chini kidogo tu ya sauti ya piano yangu, na wanafunzi wangu wote sasa wanaimba chini kidogo. Lakini kuiba? Inspekta, mimi taa ya chumbani ikiungua namwita fundi."

Inspekta aliangalia vidole vyake. Kucha zilikuwa safi, ngozi laini kama ya mtoto. Mtu aliyepapasa ndani ya gari lile asingebaki na mikono ile bila kovu wala doa.

"Ijumaa, Daktari alipokwenda hospitalini kumwona mjukuu wake, wewe ulikuwa hapa?"

"Hapa hapa."

"Ulisikia nini?"

Mwalimu alifumba macho. Hilo swali alilipenda. "Mlango wa gereji ulifunguliwa mara mbili. Mara ya kwanza, kwa pupa. Chuma kikagonga chuma, mara kadhaa. Mtu akawa anakohoa, kikohozi kikavu. Kisha geti, sauti mbili zikasalimiana, mwanamume na mwanamke, na gari la mizigo, pikapu, likateremka. Baadaye mlango ukafunguliwa tena, polepole. Na hapo sikusikia kitu kwa muda mrefu."

"Kimya kabisa?"

"Kimya cha mtu anayefikiri. Mimi nafundisha watoto, kimya hicho nakijua."

Inspekta alimshukuru, akarudi. Njiani aliyapanga mambo kichwani. Aliyefungua kwa pupa alifanya kazi ya spana. Lakini rilei haihitaji spana. Unaivuta kwa vidole. Basi yule wa kwanza alikuja kufanya nini?

Safari hii hakwenda kwenye buti. Alilizunguka gari akitazama chini, mpaka gurudumu la mbele la kushoto. Chini yake palikuwa na kipande cha boksi kilichotandikwa vizuri.

"Hili la kazi gani, Daktari?"

Mzee alikunja uso. "Silijui. Sikuliweka mimi. Gari langu halivuji."

Inspekta akalivuta. Chini ya boksi sakafu ilikuwa imefutwa, hata ilinukia sabuni, lakini rangi ya kijivu ilikuwa imejikunja na kubambuka kama ngozi ya maziwa yaliyopoa.

"Mafuta ya injini yanabambua rangi namna hii?"

"Hapana. Yanaacha doa tu. Kinachobambua rangi ni..." Mzee akapiga magoti bila kujali pasi ya bwelasuti yake, akagusa, akanusa. "Mafuta ya breki," alisema kwa sauti ndogo.

"Niazime kioo chako cha meno."

Alilala chali kando ya gurudumu, akaingiza kioo na tochi. "Upande wa kulia, kwenye mpira wa breki, nati ina tone la rangi. Waridi."

"Rangi ya kucha ya mke wangu. Kila nati ninayoikaza naitia tone. Likipasuka, najua nati imecheza."

"Upande huu wa kushoto hakuna tone. Na imelowa."

"Haiwezekani. Nimezikaza kwa mkono wangu, nikatia tone zote!"

"Nakuamini. Basi mpira huu si ule uliofunga wewe." Inspekta alijiinua, akajipangusa. "Jumamosi ulipojaribu kuwasha, ulikanyaga breki?"

"Ya nini? Gari limesimama, breki ya mkono iko juu."

"Taa ya hatari haikuwaka?"

"Iliwaka, ndiyo, lakini kwenye gari hili ni taa hiyo hiyo moja ya breki ya mkono na ya mafuta ya breki yakipungua."

"Kaa kitini, Daktari. Kanyaga."

Aliingia, akakaa, akaweka mguu. Kanyagio lilishuka bila sauti, bila ubishi, mpaka kwenye zulia, likabaki huko. Daktari aliutoa mguu kama aliyekanyaga kaa la moto. Kupitia kioo cha mbele aliiona barabara ikianzia mlangoni na kuteremka, na chini kule paa jekundu.

"Ningefika kona ya kwanza," alisema. "Ya pili nisingeifika. Mimi, na mke wangu kando yangu." Kisha akakumbuka. "Na hata kama ningeponyoka wakati wa kwenda, wakati wa kurudi ningekuwa na mtoto."

Inspekta alimwacha avute pumzi.

"Sasa sikiliza," alisema. "Umeniita nimtafute mtu mmoja. Ni wawili. Mmoja aligusa breki. Mwingine alichukua rilei. Na hawa hawakupanga pamoja, kwa sababu anayetaka gari liende bondeni haliibii uwezo wa kuwaka. Yule wa pili alitaka kitu kimoja tu, gari lisitoke hapa."

"Nani?"

"Nisubiri. Usiguse kitu."

Jikoni palikuwa na joto na harufu ya vitunguu. Kutoka chumba cha pili ilisikika sauti ya binti ikimbembeleza mtoto. Mama alikuwa mezani anafuma soksi ndogo ya manjano. Inspekta alivuta kigoda, akakaa chini yake kidogo, kama mwana anavyokaa mbele ya mzazi.

"Mama, miaka mingapi umemshikia Daktari tochi?"

Sindano zikasimama. "Mingi, mwanangu. Yeye anadhani mimi naota ndoto zangu tu, na kweli huwa naota. Lakini macho yanaona. Anasema peke yake akifanya kazi. 'Hii ya taa, hii ya honi, hii ya pampu.' Mtu utaacha kujua?"

"Uliyaona lini yale mafuta sakafuni?"

Mama alivuta kikapu karibu. Kisha akaingiza mkono kwenye kikapu, chini ya mabunda ya uzi, akatoa kijisanduku cheusi na kukiweka juu ya meza kwa uangalifu, kama yai.

"Ijumaa. Nilikuwa nimetoka dukani. Getini nikakutana na mdogo wangu anatoka, jasho linamtiririka. Ana duka la vipuri, ndiye anayemtafutia mume wangu vyuma vya gari hili. Nikamwambia karibu ndani, akasema ana haraka, alikuja tu kutoa pongezi za mtoto. Pongezi gani za kutolea gerejini? Nilipoingia nikaona yale maji yanachuruzika gurudumuni. Nikafuta sakafu, nikatandika boksi, nikachomoa hiki."

"Kwa nini hukumwambia Daktari?"

"Ningeanzia wapi? Kwamba ndugu yangu wa tumbo moja ameingia gerejini kwa kujificha? Sikujua amefanya nini. Na huyu mume wangu namjua. Ningemwambia breki zinavuja, angesema 'nimezikaza mwenyewe,' akawasha gari kunithibitishia. Nikasema acha gari ligome kwanza, maneno yatakuja." Akafuta jicho kwa soksi ya mtoto. "Maneno hayakuja. Kila nikifungua mdomo, naye anamlaani mwizi. Nikafunga."

"Mpigie simu ndugu yako, Mama. Mwambie dada yake anamwita. Usiseme zaidi."

Alikuja upesi kuliko walivyotegemea. Pikapu iliingia, na kutoka ndani yake akashuka mwanamume mfupi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anakohoa. Alipomwona Inspekta amesimama kando ya gurudumu la kushoto, na shemeji yake ameshika kile kioo cha meno, mabega yake yalishuka.

"Ulivunja mlango?" Inspekta aliuliza. "Hapana. Basi una ufunguo."

"Shemeji alinipa mwenyewe. Niwe naingiza vipuri akiwa hayupo."

"Ijumaa uliingiza nini?"

"Mpira wa breki."

"Na ukatoa nini?"

Alikohoa, akatazama chini. "Niliomuuzia. Ule wa kwanza." Kisha yakamtoka yote kwa mkupuo. "Ni bandia, Inspekta. Niliuchukua kwa mtu nikijua bei yake si ya kawaida, nikajifanya sijui. Wiki iliyopita mteja wangu mmoja mpira ulipasuka, gari likaingia ukutani. Alipona, ila mguu umevunjika. Nilipoenda kumjulia hali nikakumbuka, Mungu wangu, shemeji naye nimemuuzia kifo. Nikatafuta mzima, wa kiwandani. Aibu ikanizuia kumwambia. Nikasema nitabadilisha kimyakimya, upande mmoja leo, mwingine kesho. Nikiwa chini ya gari nikasikia kiatu cha dada getini. Nikakusanya spana nikakimbia. Ningeapa kwamba nati nimeikaza."

"Hukuikaza," Daktari alisema.

"Jumamosi niliposikia gari limekataa kuwaka, nilikwenda chooni dukani nikalia, shemeji. Kwa furaha."

"Ningekuwa maiti, nawe ungelia kwa lipi?" Mzee alimsogelea, kioo mkononi. Inspekta akainua kiganja, taratibu, na mzee akasimama.

"Haya ya kwenu mtayamaliza," Inspekta alisema. "Mimi nina swali langu. Mipira ile ilikuja mingapi?"

Mwenye duka aliinua uso. Ni kama ndiyo kwanza alisikia lile swali alilokuwa akilikimbia. "Boksi moja dogo."

"Imebaki dukani?"

"Miwili."

"Iliyobaki iko barabarani. Wateja unawajua?"

"Wote. Namba zao ninazo kwenye simu."

"Basi toa simu. Hapa hapa, mbele yangu. Ukimaliza tutakwenda kituoni pamoja, utaandika maelezo, na utaniambia ni nani aliyekuletea lile boksi."

Alikaa kwenye ngazi ya pikapu, akaanza kupiga. Wa kwanza alikuwa nyumbani, akatukana, akaahidi kutogusa gari. Wa pili alidhani anauziwa kitu, akakata; akapigiwa tena, na safari hii Inspekta mwenyewe akazungumza.

Daktari hakubaki kusikiliza. Alikwenda jikoni, na kupitia mlango uliokuwa wazi Inspekta alimwona amesimama mbele ya meza, akiitazama ile rilei iliyolala kando ya soksi ya manjano. Mke wake hakuinua macho.

"Nimekutukana siku mbili nzima," Daktari alisema. "Nimesema mwizi wangu akatike mikono."

"Nimesikia."

Aliishika mikono hiyo, yote miwili, pamoja na sindano na uzi. Alitaka kusema jambo refu, ilionekana, kifua kilipanda. Lililotoka lilikuwa fupi. "Asante, mke wangu."

"Ningekwambia, ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza."

"Basi."

"Nisingekusikiliza," alirudia, akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Binti yao akatokea mlangoni na mtoto begani, akauliza kuna nini. "Hakuna," baba yake alisema. "Mpe bibi yake. Mikono yangu michafu. Mpe bibi yake kwanza." Na mtoto alipokwisha kutulia katika mapaja ya Mama, mzee alipiga magoti pale sakafuni akawatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehakikisha hakuna aliyekosekana.

Inspekta aligeuza uso. Alipokwenda kuchukua sahihi ya malalamiko, Daktari alimuuliza kuhusu shauri lake la wizi.

"Mwizi tumempata," Inspekta alisema. "Nimkamate?"

"Mguse uone!"

Akalikunja shauri hilo, akarudi uani. Mwenye duka alikuwa amebakiwa na namba moja. Iliita ikakatika, ikaita tena. Jasho lilimdondoka kidevuni. "Huyu ni mwalimu wa chekechea," alisema. "Yuko bonde la pili. Hupanda mlima wa huko kumwona mama yake."

"Piga tena. Weka sauti."

Simu ikapokelewa. Upepo ulivuma ndani yake, na sauti za watoto wakiimba.

"Mama, uko wapi?"

"Naendesha, fundi, nawarudisha watoto makwao. Nimeshafika kileleni, ndiyo naanza kuteremka. Kuna nini?"

Uso wa mwenye duka ulikauka. Inspekta aliitwaa simu. "Mama, mimi ni askari. Usikanyage breki kwa nguvu. Rudisha gia ndogo, vuta breki ya mkono kidogo kidogo, sogea upande wa mlima. Taratibu. Taratibu hivyo hivyo. Simama."

Watoto waliendelea kuimba. Kokoto zilisikika zikisagwa chini ya matairi, kwa muda ambao hakuna mtu pale uani aliyevuta pumzi. Daktari alikuwa ametoka jikoni, amesimama nyuma ya shemeji yake, na mkono wake, bila yeye kujua, ulikuwa umemshika bega.

"Nimesimama," sauti ilisema.

Mwenye duka aliinamia magoti yake. "Asante," alisema, wala hakujulikana anamwambia nani. "Asante. Asante."

"Shusha watoto, wakae mbali na barabara," Inspekta alisema kwenye simu. "Usiondoke. Nakuja kukuchukua mimi mwenyewe."